Kulinganisha metali kwa multimita: shaba, zinki na chuma mezani kwako

Kila mwaka wanafunzi wa Kidato cha Nne wanapofika kwenye elektrokemia, maswali yanayonifikia hapa Kisumu ni yaleyale. "Mwalimu, mbona yangu inasoma hasi?" "Kitabu kinasema 2.71, mimi nimepata 1.8, nimekosea wapi?" "Si nitumie tu ndimu?" Nimeyajibu barazani, sokoni na kwa simu usiku wa kuamkia mtihani. Sasa nayaandika yote mahali pamoja, pamoja na njia ninayoitumia mimi, ili ufanye jaribio hili kwa vitu unavyoweza kununua soko la Kibuye na kwenye agroveti (duka la pembejeo za kilimo na mifugo) yoyote.

Nadharia utakayohitaji ni hii tu. Metali ikitumbukizwa katika maji yenye ayoni zake (atomi zake zilizopoteza elektroni na kuyeyuka majini), kuna mvutano wa elektroni kati ya metali na ayoni hizo. Potenshali ya upunguzaji ni namba inayoeleza ayoni zinavyovutwa kupokea elektroni na kurudi kuwa metali. Ya shaba ni volti +0.34, ya chuma −0.44, ya zinki −0.76. Yenye namba ya juu hupokea, yenye namba ya chini hutoa. Hakuna chombo kinachoweza kupima namba hiyo kwa metali moja ikiwa peke yake. Multimita hupima tofauti kati ya mbili, kama vile huwezi kusema mtu ni mrefu bila kumsimamisha kando ya kitu. Wanasayansi walichagua hidrojeni iwe sifuri. Wewe huna elektrodi ya hidrojeni wala platinamu, kwa hiyo utamsimamisha kila mmoja kando ya shaba.

Unachohitaji

Multimita ya dijitali. Zile ndogo wanazobeba mafundi wa stima zinatosha. Utatumia sehemu ya V yenye mstari mnyoofu, si yenye alama ya wimbi.

Shaba: waya wa stima wa kipimo cha 2.5, sentimita 15, uliovuliwa plastiki. Ukwaruze kwa kisu kabla ya kununua. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba juu, mrudishie mwenyewe.

Chuma: msumari wa mbao wa inchi 3. Usichukue msumari wa mabati. Huo umepakwa zinki, nao utakupa majibu ya zinki huku ukiamini unapima chuma. Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote.

Zinki: kopo la betri kavu kubwa ya tochi, ile ya bei nafuu. Kama imeandikwa Alkaline, iache, kwa kuwa ndani yake kuna potashi inayochoma ngozi. Betri ya simu usiifungue kamwe, kwa sababu yoyote ile. Inaweza kuwaka moto mikononi mwako.

Mrututu, ile chumvi ya buluu ambayo wafugaji huoshea ng'ombe kwato na wakulima huitumia dhidi ya ukungu. Kwenye makaratasi ya maabara inaitwa shaba salfeti.

Zinki salfeti, inayouzwa kama mbolea ya kunyunyizia majani.

Potasiamu nitreti, nayo ni mbolea, kwa ajili ya daraja la chumvi, yaani karatasi iliyolowa chumvi inayounganisha glasi mbili. Ukiikosa, chumvi ya mezani inafaa kwa metali hizi tatu. Haifai kwa fedha wala risasi, kwa sababu kloridi huungana na ayoni zake na kuacha mashapo meupe.

Sufi ya chuma ya kusugulia sufuria (isiyo na sabuni ndani), msasa, mizani ya jikoni, sirinji ya mililita 20, glasi tatu ndogo, karatasi ya kuchujia au tishu nene, glavu, daftari.

Na maji safi. Ya mvua yanafaa, ukiyakinga kwa beseni lililo wazi. Maji ya betri kutoka kituo cha petroli ni bora zaidi, lakini hapa nakusihi uwe mwangalifu: kituo hichohicho huuza asidi ya betri, na chupa hufanana. Mimi niliwahi kuomba maji nikapewa asidi. Nilitambua pale tone lilipodondoka kwenye sakafu ya saruji na kuanza kutoa povu. Soma lebo, kisha isome tena nyumbani kabla ya kufungua kifuniko.

Mrututu ni sumu ukiimeza. Usitumie kikombe ambacho mtu atakuja kukinywea, na usiache glasi ya buluu mahali ambapo mtoto ataidhania kuwa sharubati.

Hatua

1. Tengeneza mmumunyo wa shaba. Saga mrututu uwe unga, pima gramu 25, uyeyushe katika mililita 70 hivi za maji ya uvuguvugu, kisha ongeza maji mpaka yafike mililita 100. Usianze na maji 100 ndipo utie chumvi, maana ujazo utazidi. Hii ni takriban moli moja kwa lita, kiwango ambacho namba za kitabuni zimejengwa juu yake.

2. Tengeneza mmumunyo wa zinki kwa namna hiyohiyo, lakini soma pakiti kwanza. Zinki salfeti huja kwa aina mbili. Ikiwa imeandikwa zinki asilimia 21 au 22, pima gramu 28.8 kwa mililita 100. Ikiwa imeandikwa 33 au zaidi, ina maji machache ndani ya fuwele zake, kwa hiyo pima gramu 18 tu.

Mizani yako ikikosea kidogo, usikose usingizi. Kwa metali hizi, mmumunyo ukiwa hafifu mara kumi nzima, volti hubadilika kwa takriban 0.03 tu. Joto nalo halisumbui. Vitabu huandika nyuzi 25, na mchana wa Kisumu unaweza kuzidi hapo, lakini tofauti hiyo multimita ya bei nafuu haitaiona.

3. Tengeneza mmumunyo wa chuma. Ukiwa na feri salfeti ya maabara, pima gramu 27.8 kwa mililita 100, ufanye siku hiyohiyo ya jaribio. Ukiikosa, itengeneze mwenyewe. Chukua mililita 50 za mmumunyo wa mrututu kwenye glasi imara, osha gramu 5 za sufi ya chuma kwa sabuni ili utoe mafuta, kisha iingize kidogo kidogo huku ukikoroga kwa kijiti. Kidogo kidogo, narudia: mchanganyiko huu hupata joto kali, na ukitia sufi yote kwa mkupuo glasi inaweza kukuchoma vidole. Sufi itageuka nyekundu kwa shaba, na ubuluu utafifia mpaka ubaki ukijani hafifu. Ukiisha ubuluu, chuja. Kila ayoni ya shaba iliyotoka imepisha ayoni moja ya chuma, ndiyo maana nguvu ya mmumunyo inabaki karibu moli moja kwa lita.

Tazama tena ulichokifanya hapo. Chuma kimemfukuza shaba kutoka majini. Hata kabla ya kugusa multimita, umeshajua nani yuko juu na nani yuko chini kati ya hao wawili.

Tumbukiza kipande cha msumari safi ndani ya mmumunyo huo ukiuhifadhi. Hewa hugeuza ayoni za chuma cha pili (zilizopoteza elektroni mbili) kuwa za chuma cha tatu (zilizopoteza tatu), na maji huwa ya manjano kama chai ya rangi. Msumari husaidia kuzirudisha. Yakishakuwa ya kahawia, mwaga, utengeneze mengine.

4. Toa zinki kwenye betri. Vaa glavu, tandaza gazeti. Vua ganda la nje kwa koleo, ng'oa kifuniko cha juu, chomoa kijiti cha kaboni, kisha kwangua unga mweusi wote. Kinachobaki ni kopo la kijivu, nalo ndilo zinki. Kata ukanda wa upana wa kidole, mrefu kama kalamu iliyochongwa mpaka nusu. Betri iliyovuja inaweza kuwa imetobolewa tobo kila mahali, kwa hiyo chagua iliyochoka tu, si iliyooza. Unga mweusi uufunge kwenye karatasi ya nailoni. Ukishika nguo, hautoki.

5. Sugua kila metali kwa msasa mpaka ing'ae, uoshe, ukaushe. Fanya hivi dakika chache kabla ya kupima, si jana yake. Tumia kipande kipya cha msasa kwa kila metali, la sivyo utahamisha chembe za shaba hadi kwenye zinki.

6. Panga glasi tatu zikigusana. Shaba ndani ya mmumunyo wa buluu, zinki ndani ya mmumunyo wake, msumari ndani ya wa kijani. Kila metali na ayoni zake. Usiitumbukize zinki kwenye mrututu hata kwa sekunde kumi. Itavaa koti jeusi la shaba, na utalazimika kuisugua upya.

7. Weka daraja la chumvi. Kata karatasi ya kuchujia upana wa sentimita 2, iloweke kwenye potasiamu nitreti (gramu 10 katika mililita 50 za maji), iache itone matone ya ziada, kisha iweke ncha moja ndani ya glasi hii na nyingine ndani ya ile. Ncha zote mbili ziguse maji. Karatasi isiguse metali. Kila jozi ya glasi ipate daraja jipya. Karatasi iliyokwisha kuingia kwenye mrututu ukiipeleka kwenye glasi ya zinki inachafua kila kitu.

8. Sasa multimita. Waya mweusi uchomeke kwenye tundu la COM, mwekundu kwenye tundu la V. Weka swichi kwenye 2000m upande wa volti za mkondo mnyoofu, utasoma milivolti (gawanya kwa 1000 upate volti: −1100 ni −1.10). Shikiza waya mweusi kwenye shaba. Uache hapohapo. Waya mwekundu upeleke kwenye zinki, subiri sekunde kumi namba itulie, andika. Kisha weka daraja jipya kati ya shaba na chuma, hamisha waya mwekundu hadi kwa chuma, andika.

Namba zitakuwa hasi, na hapa ndipo wengi hubadilisha nyaya ili "zirudi sawa". Tafadhali usibadilishe. Alama ya kutoa ni nusu ya jibu lako. Inakuambia kwamba metali iliyo kwenye waya mwekundu iko chini ya shaba, inatoa elektroni, ndiyo anodi. Kama ungekuwa na fedha, namba ingekuja chanya, takriban +0.46, na hapo ungejua fedha iko juu ya shaba. Ukigeuza nyaya kila mara uonapo hasi, mwishowe daftari lako litakuwa na namba chanya tupu na hutajua nani alikuwa upande gani.

9. Ongeza 0.34 kwa kila namba. Hiyo ndiyo kazi yote ya hesabu. Ukisoma −1.10 kwa zinki, −1.10 jumlisha 0.34 ni −0.76. Ukisoma −0.78 kwa chuma, utapata −0.44. Kwa vifaa vya mezani, zinki yangu huja kati ya −1.05 na −1.10, na chuma huwa karibu zaidi na sifuri kuliko matarajio, mara nyingi −0.65 mpaka −0.75. Usiirekebishe namba daftarini ili ifanane na kitabu. Mpangilio utabaki uleule: shaba juu, chuma katikati, zinki chini.

10. Jithibitishe. Hatua hii ndiyo ninayoipenda, na ndiyo wanayoiruka. Bila kupima, toa chuma kwenye zinki ukitumia namba zako mwenyewe: kwa namba za kitabu ni −1.10 toa −0.78, yaani −0.32. Sasa weka daraja jipya kati ya glasi ya zinki na ya chuma, waya mweusi kwenye msumari, mwekundu kwenye zinki. Soma. Ikikaribia ulichokokotoa kwa tofauti ya 0.03 au 0.04, vipimo vyako vyote vitatu ni vya kuaminika, maana kimoja kinatetea kingine. Ikienda mbali, kuna elektrodi moja chafu, na kwa kawaida ni msumari.

Hiyo −0.32 si ya daftarini tu. Angalia masanduku ya bati wanayogonga mafundi wa jua kali Kibuye. Mabati ni chuma kilichovishwa zinki, na likikwaruzwa, zinki iliyo kando hutoa elektroni badala ya chuma, ndiyo maana mkwaruzo mdogo huchelewa kushika kutu. Kwa sababu iyo hiyo fundi mzuri wa stima haungi waya wa alumini na wa shaba kwa kuusokota tu mahali penye unyevu. Alumini ndiyo italiwa.

Kuhusu magnesi na alumini

Maabara ya shule ikikupa utepe wa magnesi, mmumunyo wake ni chumvi ya Epsom kutoka duka la dawa, gramu 24.6 kwa mililita 100. Hamisha swichi hadi 20, kwa sababu kwenye 2000m multimita ikizidiwa huonyesha 1 peke yake upande wa kushoto. Kwa kitabu, magnesi na shaba zingekupa volti 2.71. Hutazipata. Magnesi hujibizana na maji yenyewe (utaona vipovu vya hidrojeni juu yake) na hujifunika utando, kwa hiyo namba huishia karibu na 2 au chini yake. Hujakosea. Andika ulichokiona na ueleze sababu.

Alumini ni mbaya zaidi. Kwa kitabu ni −1.66, chini kabisa ya zinki, lakini oksidi iliyoifunika huziba njia, na ukisugua hurudi papo hapo hewani. Mezani inaweza hata kuonekana iko juu ya zinki. Kwa anayeanza, naishauri iachwe kabisa, na makopo ya soda pamoja nayo, kwa sababu yana rangi nje na plastiki ndani.

Na ndimu? Ndimu yenye msumari wa zinki na waya wa shaba hutoa karibu volti 1, ni kweli. Lakini ndani ya ndimu hakuna ayoni za shaba. Kinachopokea elektroni pale kwenye waya ni hidrojeni ya asidi, au oksijeni iliyoyeyuka. Shaba ni mlango tu. Kwa hiyo ndimu haikupi potenshali ya shaba, na ukiongeza 0.34 utakuwa unajumlisha kisicho chako. John Frederic Daniell alipotengeneza seli yake mwaka 1836, wazo lilikuwa hilohilo unalotumia wewe: aliipa shaba mrututu wake, na zinki akaiweka kwenye asidi ya salfuriki, kila mmoja upande wake.

Kosa jingine liko kwenye karatasi, si mezani. Ukisawazisha mlinganyo wa shaba na fedha, unazidisha upande wa fedha kwa 2 ili elektroni zilingane. Volti haizidishwi. Ni 0.80 toa 0.34, yaani 0.46, wala si 1.60 toa 0.34.

Ukikwama

Namba ni 0.00 au inarukaruka. Daraja limekauka au ncha moja haijagusa maji. Lilowanishe upya. Kama bado, hakikisha swichi haiko kwenye wimbi, kisha ubane waya vizuri kwenye metali kavu, juu ya maji.

Zinki na shaba zinasoma −0.9 au karibu zaidi na sifuri. Zinki imevaa weusi, au mmumunyo wa buluu umevuja kupitia daraja. Sugua, osha, badilisha karatasi.

Chuma kinasoma karibu −1.05. Ni msumari wa mabati. Badilisha.

Chuma kinasoma −0.5 au juu zaidi, na maji ni ya manjano. Mmumunyo umezeeka.

Namba inashuka polepole ukiitazama. Elektrodi mbili zimegusana mahali fulani, au umeacha waya ukiziunganisha moja kwa moja. Zitenganishe, subiri dakika mbili.

Namba zote zinaonekana za ajabu. Pima betri mpya ya tochi. Inapaswa kusoma 1.5 mpaka 1.6. Isiposoma hivyo, betri ya multimita yenyewe ndiyo imechoka, na multimita nyingi za bei nafuu huanza kudanganya kabla ya skrini kufifia.

Umeunganisha balbu na haiwaki. Haitawaka. Karatasi ya daraja huzuia mkondo usiwe mkubwa, na taa ya LED nyekundu huhitaji karibu volti 1.8, wakati seli yako ina 1.1. Multimita huweza kusoma kwa sababu haihitaji zaidi ya chembe ndogo sana ya mkondo.

Ukimaliza

Usimwage mrututu kwenye mtaro. Mitaro mingi ya mji huu huelekea ziwani, na shaba huua samaki hata ikiwa kidogo. Kusanya maji yote ya buluu, ongeza maji mara mbili yake, tia sufi ya chuma na uache mpaka kesho. Ubuluu ukiisha kabisa, shaba imetua chini kama unga mwekundu. Chuja, unga huo ufunge utupe na takataka kavu, maji yaliyobaki yamwage juu ya udongo mbali na kisima. Mmumunyo wa zinki uhifadhi kwenye chupa yenye lebo kwa ajili ya mwaka ujao, au umpe jirani mwenye mahindi aupunguze kwa maji mengi kulingana na maelezo ya pakiti. Osha mikono kwa sabuni, mpaka chini ya kucha.